Makonde ya Maweni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kazi ya Kuondoa Mawe Unguja na Pemba

Maswali haya huulizwa na vijana waliorithi makonde wasiyoijua mipaka yake, na wanafunzi wa skuli wanaopewa kazi ya historia ya kijiji, na pia wanunuzi wa viwanja wanaokuta ukuta wa mawe katikati ya msitu wakadhani ni gofu la msikiti. Majibu yameelemea Kusini na Mashariki ya Unguja, maana huko ndiko mawe yaliko mengi na ndiko kazi hii ilikokula migongo ya watu. Tunayaandika sasa kwa sababu kuta hizo zinabomolewa kwa kasi, na wanaozibomoa mara nyingi hawajui kuwa wanafuta kazi ya mtu.

Maweni ni wapi, na mawe yote haya yametoka wapi?

Ukitoka mjini kwa barabara ya Paje, mwanzo unapita kwenye minazi na mikarafuu, kwenye udongo ambao jembe linazama lote. Ukishaipita Jozani mambo yanabadilika. Miti inakuwa mifupi, ardhi inakuwa ya kijivu, na kila mahali jiwe limetokeza. Hiyo ndiyo nchi ya maweni, inayoenea kusini na mashariki kupitia Muyuni, Kizimkazi, Makunduchi, Jambiani, Bwejuu, Michamvi, ikapanda Uroa, Pongwe na Matemwe hadi Nungwi. Kisiwa cha Uzi na cha Tumbatu navyo ni vya jiwe hilohilo.

Jiwe lenyewe ni matumbawe. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na pale tunapolima muhogo palikuwa mwamba hai chini ya maji. Bahari iliposhuka matumbawe yakabaki juu, yakakauka na kuwa jiwe gumu lenye vitobo na ncha kali. Ukilitazama kwa karibu utaona ndani yake kombe na umbo la matumbawe kama lilivyokuwa baharini. Mvua ikinyesha haikai wala haifanyi mto. Inapenya na kwenda zake chini, ndiyo maana upande huo una mapango mengi na mito hakuna. Udongo uliopo ni mwekundu, mzuri kwa kweli, lakini umekaa katika vishimo na nyufa za mwamba, hapa pishi mbili, pale kikapu kimoja.

Na Pemba je?

Pemba ni nchi ya vilima na mabonde. Vilima vina udongo mzito wa mikarafuu, mabonde yana mpunga, na mkulima wa Mkoani au wa Wete hakuwa na sababu ya kuhangaika na mawe. Ukanda wa mawe uko mashariki na kaskazini, hasa Micheweni. Mkulima wa huko na wa Makunduchi wakikaa pamoja hawahitaji mkalimani: mtaimbo ni uleule, jiwe ni lilelile, na nguruwe ni adui wa wote.

Kwa nini watu walilima kwenye mawe wakati udongo mzuri ulikuwapo magharibi?

Swali hili huulizwa kana kwamba wazee wetu hawakujua kuchagua. Walichagua vizuri. Upande wa mawe ndio upande wa mwamba wa bahari, wa samaki, pweza na chaza, na riziki ya kijiji ilikuwa na miguu miwili: ngarawa na konde. Makazi ya huko ni ya kale sana. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye mwaka wa 500 Hijria, yaani 1107, na mikarafuu ilikuja karne saba baadaye.

Lakini ni kweli pia kwamba kuanzia karne ya 19, wakati wa utawala wa Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar, ardhi nzito ya magharibi na katikati ilikatwa mashamba ya mikarafuu na minazi. Mhadimu, yaani mwenyeji wa vijiji vya Kusini na Mashariki ya Unguja, aliyekuwa na uwezo wa kulima upande ule aliona mlango unafungwa. Akabaki na maweni yake, na familia ilipokua, njia iliyokuwapo ni kufungua msitu zaidi na kuinua mawe zaidi. Msimu wa karafuu ulipofika watu wa kusini walikwenda kuchuma kwa ujira, wakirudi wanarudi kwenye konde.

Mwaka 1942 mchele wa Burma ulikatika kwa sababu ya vita, na visiwa vilivyozoea kula mchele wa kununua vikarudi kutazama muhogo, mtama na viazi. Wakati huo watu wa mjini walikumbuka kuwa maweni nako kunalimwa.

Nani alitoa ruhusa ya kufungua konde?

Msitu wa kijiji haukuwa wa kila mwenye shoka. Katika vijiji vya Kusini na Mashariki alikuwapo mvyale, mtu wa ukoo wa waliotangulia kukaa mahali pale, ndiye anayejua mizimu ilipo na ndiye anayeulizwa kabla mti wa kwanza haujakatwa. Mvyale alifukiza ubani, akasema yanayosemwa, akaonesha pa kuanzia na pa kukoma. Juu ya mambo ya kijiji kwa jumla walikaa Watu Wanne, wazee wanaoamua magomvi ya mipaka na ya mifugo iliyoingia makondeni.

Mtu wa leo anaweza kuwa na maoni yake kuhusu ubani na mizimu. Lakini aangalie na upande wa pili wa jambo: utaratibu ule ulimzuia mtu mmoja asifyeke msitu wa watu wote, na uliacha vichaka ambavyo havikuguswa kabisa. Misitu midogo ya mizimu unayoiona bado imesimama kusini imesimama kwa sababu hiyo.

Kazi ilifanywa majira gani?

Kaskazi, jua linapowaka, kabla ya masika ya mwezi wa tatu. Wazee walihesabu siku kwa mwaka wa siku 365 unaoanza Nairuzi, ule ambao Makunduchi wanauoga mpaka leo kwenye Mwaka Kogwa, na waliugawa makumi makumi. Kila kumi lilijulikana kazi yake: hili la kufyeka, hili la kuacha yakauke, hili la kuchoma, hili la kupanda mbegu kavu kungojea mvua.

Mawe yalikuja baada ya moto. Msitu ukiwa umesimama huoni kitu, mizizi na majani vimefunika kila jiwe. Ukishachoma, konde zima linakuwa jeusi na mawe yanatokeza meupe na kijivu juu ya majivu, na ndipo mwenyewe anapojua amepata ardhi au amepata mwamba.

Mawe yaliondolewaje hasa?

Kwanza kuna mawe ya aina mbili, na asiyezitenganisha atajiumiza bure. Liko jiwe lililolala, ambalo limekatika na mwamba na limekaa tu juu ya udongo au limezama nusu. Na uko mwamba wenyewe, ambao unakwenda chini kusikojulikana. Mzee anagonga kwa mgongo wa panga au kwa kichwa cha mtaimbo. Jiwe lililolala linaitika kwa sauti ya wazi kidogo na linatikisika. Mwamba unanyamaza na mkono ndio unaouma.

Jiwe lililolala linatafutiwa upenyo. Ncha ya mtaimbo inaingizwa chini ya ukingo, jiwe dogo linawekwa nyuma kama egemeo, na mtu anakandamiza kwa uzito wa mwili wake wote. Jiwe likiinuka kidole kimoja, mwenzake anasukumia kokoto chini yake lisirudi. Wanakandamiza tena, wanasukumia tena. Likishasimama kwa upande wake halibebwi, linabingirishwa. Chini yake panabaki shimo lenye udongo mweusi wenye unyevu, na mara nyingi nge au tandu, kwa hiyo mkono hauingii kabla kijiti hakijatangulia. Shimo hilo halifukiwi kwa mawe. Ndilo shimo zuri kuliko yote kondeni, na hupandwa mgomba au mpapai.

Jiwe kubwa lisilotikisika lilichomwa moto. Magogo yaliyobaki baada ya kufyeka yalikusanywa juu yake na pembeni, yakawaka usiku kucha, na asubuhi jiwe limepasuka au limelainika juu kiasi cha nyundo kufanya kazi. Mawe madogo yalizolewa kwa mikono na kutiwa katika mapakacha ya makuti, yakabebwa kichwani juu ya ngata. Pakacha lilioza haraka kwa kazi hiyo, na jioni za majira hayo wanawake walikaa kibarazani kusuka mengine.

Mahali pa kuyapeleka palikuwa patatu: kwenye ukuta wa mpaka, kwenye rundo lililojengwa juu ya mwamba usiofaa kupandwa, au kuzunguka shina la mti. Rundo lililo katikati ya konde huwashangaza wengi. Lilikaa pale kwa kuwa chini yake hakuna udongo, na hapakuwa na maana ya kutembea na jiwe mpaka mpakani wakati liko jaa la mwamba karibu.

Je, mawe yote yaliondolewa?

Hapana, na hapa ndipo wataalamu wengi waliokuja na mipango yao walipokosea. Jiwe dogo likiachwa juu ya udongo hukinga jua lisiukaushe, na mvua kubwa ya masika ikipiga hailichukui tope lote. Mkulima wa maweni aliondoa jiwe linalozuia mizizi na linalokata miguu, akaacha lile linalofunika udongo. Kwenye ardhi ya sentimita chache, kuondoa kila jiwe ni sawa na kuondoa na udongo wake.

Ndiyo maana pia jembe halikuwa na kazi kubwa huko. Chombo cha kupandia kilikuwa muo, kijiti kigumu kilichochongwa ncha au kilichotiwa chuma, au mtaimbo mwembamba. Unatafuta kishimo chenye udongo, unachokoa, unatia mbegu mbili tatu, unafunika kwa kisigino. Mistari iliyonyooka unayoiona kwenye vitabu vya kilimo haipo maweni, mistari inafuata udongo ulipo.

Ukuta wa mawe ulikuwa wa nini?

Nguruwe mwitu. Mtu asiyelima hawezi kujua hasara ya kundi la nguruwe katika usiku mmoja kwenye konde la muhogo. Wanafukua, wanakula nusu, wanakanyaga nusu, na asubuhi mwenye konde hana chakula cha miezi. Ua wa miti huoza au huliwa na mchwa, na maweni mti wa kuchimbia shimo ni tabu. Ukuta wa mawe hauozi, na mawe yenyewe lazima yapelekwe mahali. Kazi mbili zikawa moja.

Nguruwe pia waliwindwa. Wasasi na mbwa wao walialikwa na vijiji kufanya msako, na desturi hiyo ipo hata sasa. Kima ndio walioshinda kuta zote, maana wao hupita juu ya miti, na kwao dawa ilikuwa mtu kukaa juu ya dungu tangu alfajiri na kupiga kelele.

Ukuta ulijengwaje bila chokaa?

Kwa mpangilio. Mstari wa chini unawekwa mawe makubwa kuliko yote, yakilala kwenye mwamba na si kwenye udongo laini, maana udongo ukitota ukuta unainama. Juu yake zinapandishwa kuta mbili nyembamba zinazotazamana, na katikati yake pananyunyiziwa mawe madogo yanayojaza. Kila baada ya hatua kadhaa huwekwa jiwe refu linalopita kutoka uso mmoja hadi wa pili, likizifunga pamoja. Kiungo cha mawe ya juu kisiangukie juu ya kiungo cha mawe mawili ya chini, lazima jiwe la juu likikalie kiungo hicho katikati. Ukuta unakwenda ukipungua upana kila unapopanda.

Matumbawe yana faida yake hapa. Uso wake ni mkwaruzo mtupu, ncha za jiwe hili zinaingia kwenye vitobo vya lile, na vikishashikana havitelezi. Ukitaka kujua ukuta uliojengwa na fundi, weka kiganja ubavuni na usukume taratibu. Wa fundi hauchezi hata jiwe moja, ijapokuwa aliyeujenga amekufa zamani. Juu yake mara nyingi yaliwekwa matawi ya miba, na mlango ulikuwa upenyo mwembamba unaozibwa kwa magogo.

Konde moja lilihitaji kazi kiasi gani?

Tufanye hesabu, kwa sababu bila hesabu watu huona "kijiukuta" tu. Eka moja ya mraba ina mita 64 hivi kila upande, kwa hiyo mzunguko wake ni kama mita 254. Chukua ukuta wa kimo cha mita moja na unene wa nusu mita. Hizo ni mita za ujazo 127. Ondoa theluthi moja kwa nafasi zilizo baina ya mawe, zinabaki kama 85. Jiwe letu lina vitobo, basi tukadirie tani mbili tu kwa kila mita ya ujazo. Jumla ni tani 170.

Mtu akibeba kilo 20 kichwani kila safari, hizo ni safari 8,500, na hapo hujahesabu kung'oa, kuvunja wala kupanga. Kazi kama hiyo haikufanywa kwa msimu mmoja wala na mtu mmoja. Konde lilianza na ukuta wa upande mmoja, ule unaotazama msitu, na pande nyengine zikazibwa kwa miba. Mwaka uliofuata wakaongeza. Bandu bandu humaliza gogo, na kuta nyingi unazoziona zilianzwa na babu na kumalizwa na mjukuu.

Nani walifanya kazi hii? Wanawake na watoto walikuwa wapi?

Kukata miti mikubwa, kuchoma na kuinua mawe mazito ilikuwa zaidi kazi ya wanaume, na walialikana: leo kwangu, kesho kwako, mwenye konde anapika. Chakula kilikuwa sehemu ya mkataba. Aliyealika watu akawapa muhogo mkavu bila kitoweo alisemwa mwaka mzima.

Lakini anayesema kuwa kuta ni kazi ya wanaume peke yao hajatazama vizuri. Ule ujazo wa katikati ya ukuta, mamia kwa maelfu ya mawe ya kiganja, ulikuja kwa mapakacha, na mapakacha hayo yalibebwa kwa sehemu kubwa na wanawake na watoto. Mwanamke aliendelea kuondoa mawe baada ya wanaume kwenda zao baharini. Kila palizi alikuwa anaokota, kila kupanda anaokota, mvua ikiosha udongo na kuonesha mawe mapya anaokota tena. Kazi ya wanaume inaonekana kwa sababu ilifanywa kwa siku moja na makelele mengi. Ya wanawake ilienea maisha yote, na haina hadithi. Tunaomba wanaohoji wazee wawaulize na mabibi, na wawaulize peke yao, pasipo mwanamume wa kujibu kwa niaba yao.

Je, kuta hizi zilijengwa na watumwa?

Swali hili linastahili jibu la uangalifu. Watumwa walioletwa Unguja na Pemba walifanyishwa kazi hasa kwenye mashamba makubwa ya mikarafuu na minazi, na mashamba hayo yalikuwa kwenye udongo mzito. Huko walifyeka misitu, wakachimba, wakapanda na kuchuma, na soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873 hali yao mashambani haikubadilika papo hapo. Amri ya kuufuta utumwa ilikuja 1897. Ni historia nzito na isichanganywe na nyengine.

Makonde ya maweni yalikuwa ya wanavijiji wenyewe, Wahadimu na Watumbatu, waliolima chakula chao kwa mikono yao. Mgeni akikuambia kwenye matembezi ya kitalii kuwa kila ukuta wa msituni ni "ukuta wa watumwa", muulize konde hilo ni la ukoo gani, kisha nenda ukauulize ukoo huo.

Walipanda nini humo?

Mtama na uwele, muhogo, mbaazi, kunde, choroko, viazi vikuu, maboga, matango, pilipili na tungule. Mbaazi ilipendwa kwa kuwa mizizi yake hutafuta njia kwenye nyufa. Baada ya misimu michache udongo ulichoka, konde likaachwa lirudi kichaka kwa miaka, na familia ikafungua jengine. Ukuta ulibaki ukisubiri. Waliporudi hawakuanza na mawe, walianza na mundu.

Mawe mengine yalikwenda wapi?

Nyumbani. Nyumba za mawe za vijiji vya pwani, mabaraza, visima na kuta za makaburi zilichukua sehemu yake. Mengine yaliingia kwenye tanuri la chokaa: magogo yanapangwa duara, mawe yaliyovunjwa yanarundikwa juu, moto unawashwa, na baada ya siku kadhaa linabaki rundo jeupe ambalo likinyunyiziwa maji linamumunyuka kuwa unga. Chokaa hiyo ndiyo iliyofunga kuta za nyumba za Mji Mkongwe.

Siku hizi jiwe la kondeni hugeuzwa kokoto. Wanawake wengi wa Kusini na Mashariki hukaa chini ya kijibanda cha makuti wakiponda jiwe kwa nyundo ya mkono, wakiuza kwa debe au kwa gari. Ni riziki halali na ngumu, na hakuna anayepaswa kuwalaumu kwa kutafuta ada ya skuli ya mtoto. Tunachoomba ni kuwa mawe yachimbwe, na kuta za makonde ya wazee ziachwe.

Konde lililoachwa na lenye ukuta, lina mwenyewe?

Kwa desturi, ndiyo. Aliyefungua msitu ana haki ya konde na wanawe baada yake, na ukuta ni shahidi asiyekufa. Fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo iliyofundishwa vyuoni kwetu, nayo ina mlango wa kuhuisha ardhi mfu: anayeihuisha anastahiki kuimiliki, na anayeweka alama za mawe tu bila kuilima ana haki ya kutangulizwa, haijawa milki yake mpaka ahuishe kweli. Wazee walikuwa wanaijua tofauti hiyo bila ya kitabu. Mistari miwili ya mawe juu ya majani ni dai. Ukuta wenye konde ndani yake ni haki.

Kwa sheria ya nchi, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na sheria ya umiliki wa ardhi namba 12 ya 1992 inatoa haki ya matumizi. Miti inaweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye ardhi, jambo linalowachanganya wageni sana. Kwa hiyo ukuta peke yake si hati. Ni ushahidi wa matumizi ya muda mrefu, na ushahidi huo una uzito pale tu unapoandikwa, kupimwa na kutiwa saini na watu wanaojua.

Eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zilikuwa hasa kwenye ardhi ya mashamba. Usichanganye hati ya eka tatu na konde la ukoo la maweni.

Kwa nini kuta zinapotea sasa?

Kwa sababu nyingi zilizokuja pamoja. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 wanawake wengi wa Paje na Jambiani waliingia kwenye mwani, uliowapa pesa mkononi kuliko mtama. Vijana wakaenda kwenye mahoteli. Makonde yakarudi kichaka, na kichaka kikionekana hakina mtu kinauzwa. Kisha linakuja tingatinga.

Tuliwahi kuona ukuta mrefu, uliopangwa vizuri kuliko wowote kijijini, ukisukumwa asubuhi moja na kuwa kifusi cha kujazia barabara ya kiwanja. Mwenye kiwanja aliambiwa na aliyemuuzia kuwa hapo "hapajawahi kulimwa". Maneno hayo yalituuma kuliko sauti ya mashine. Tani zile zote zilipita juu ya vichwa vya watu wenye majina, na wajukuu zao walikuwa wamesimama kando ya njia wanatazama.

Kazi kama hii ilifanyika kwengine duniani?

Ilifanyika popote penye njaa na mawe. Karibu nasi ni Engaruka, kaskazini ya Tanzania Bara chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambako wakulima walipanga mawe ya konde kuwa ngazi na mifereji mpaka walipopahama karne ya 18. Wakonso wa Ethiopia bado wanalima juu ya matuta yao ya mawe, na UNESCO iliitambua nchi yao kuwa urithi wa dunia mwaka 2011. Katika visiwa vya Aran vya Ireland, ambako mwamba ni wa chokaa kama wetu, watu waliondoa mawe, wakajenga kuta, kisha wakatengeneza udongo kwa mchanga na mwani. Ufundi wa kujenga ukuta mkavu wa nchi kadhaa za Ulaya uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2018.

Ziko na tofauti. Kwenye nchi za barafu, baridi huisukuma ardhi na kila mwaka mawe mapya hupanda juu, wakulima wakasema yanaota. Kwetu mawe hayapandi. Ni udongo unaoshuka. Ndiyo maana aliyelinda udongo wake maweni alipunguziwa kazi ya mawe mwaka wa pili.

Nimerithi konde la maweni. Nianze wapi?

Nenda na mzee anayelijua, mkatembee ukuta wote kwa miguu, asubuhi kabla ya jua kali. Andika jina la kila konde la jirani na la ukoo wake, majina ya visima, mapango na miti mikubwa. Piga picha za kuta, na kwa simu chukua alama ya kila pembe. Rekodi sauti ya mzee akieleza nani alifungua na nani alirithi. Kisha nenda kwa sheha mkiwa na majirani wa pande zote nne, na kutoka hapo kwenye Kamisheni ya Ardhi kuulizia upimaji na usajili. Yafanye haya mzee yungali hai.

Kama kuna mizimu ndani au pembeni, usifyeke. Kama kuna kaburi, lisafishe na ulizungushie mawe.

Ukuta umebomoka sehemu. Naweza kuujenga tena mwenyewe?

Unaweza. Usianze kwa kuongeza mawe juu ya kifusi. Toa mawe yote yaliyoanguka mpaka ufike kwenye mstari wa chini uliosimama imara, uyatenge makubwa, ya wastani na ya kujazia, kisha upande upya kwa ule mpango wa nyuso mbili. Vaa viatu, na glavu kama unazo. Ukikuta mzizi wa mti ndio ulioangusha ukuta, ukate kwanza, la sivyo utarudi kazini baada ya mvua mbili. Saruji usitie: inaziba njia ya maji, na ukuta uliotiwa saruji ukipasuka unaanguka wote kwa pamoja, wakati mkavu unaanguka kipande na unarekebishika kwa mikono. Mwite na mtoto akusukumie mawe madogo ya katikati.